Riba ya Benki Kuu (BoT) imeshuka: hati fungani, hisa za benki, amana au viwanja vya Dodoma, kipi kinaguswa kwanza?

Mhazini_Makulu

Wakuu, salaam. Naomba mchango wa wanaoijua benki kwa ndani, siyo ule wa "nunua kiwanja hutajuta".

Ni SACCOS ya watumishi hapa Dodoma. Fedha ambayo haijakopeshwa ni shilingi milioni 240. Milioni 120 ziko kwenye amana ya muda maalumu ya miezi 12, benki moja ndogo iliyotoa riba kubwa kuliko wote tuliowauliza. Milioni 80 ni hati fungani ya serikali ya miaka 20, kuponi (riba yake ya mwaka) asilimia 12.10, ilinunuliwa mnadani 2022 kwa bei ya karibu 100. Milioni 40 ni hisa za NMB na CRDB.

Bodi imegawanyika. Wako wanaosema BoT ilishusha riba yake kutoka 6 hadi 5.75 Julai 2025, fedha imekuwa rahisi, basi tuvunje amana tukachukue viwanja Iyumbu au Nala kabla bei haijaruka. Wengine wanataka tuongeze hati fungani kwa hoja kwamba riba ikishuka bei yake inapanda. Mjumbe mmoja anashikilia kwamba hati fungani haiwezi kutia hasara kwa sababu mdaiwa ni serikali.

Ninachotaka kuelewa ni njia yenyewe. Mabadiliko ya BoT na ya benki yanafikaje kwenye bei ya hivi vitu vinne, kwa mpangilio gani, na hatari inajificha wapi? Kama kuna hesabu, wekeni. Bodi yetu ina walimu wa hisabati wawili, hawakubali maneno matupu.

---

Dirisha_la_Hazina

Mhazini, nianze na huyo mjumbe wa "haiwezi kutia hasara", maana ndiye anayeweza kuwapeleka pabaya kuliko wote.

Serikali itawalipa kuponi kila miezi sita na mtaji wote hati ikiiva 2042. Uwezekano wa kutolipwa kwa shilingi ni mdogo sana, hapo yuko sahihi. Hatari yenu iko kwenye bei, siku mtakapolazimika kuuza kabla ya 2042. Walimu wenu wakague hii: kuponi ya 12.10 ni 6.05 kila nusu mwaka kwa kila 100. Chukulia imebaki miaka 16 na nusu, yaani malipo 33. Wanunuzi wakidai mapato ya asilimia 13 hadi kuiva, bei ni 93.94. Wakidai 14, ni 87.88. Wakidai 15, ni 82.44. Kwa milioni 80 zenu, hiyo ya mwisho ni kama milioni 65.95. Milioni 14 zimeondoka na serikali haijakosa kulipa hata senti moja.

Sasa weka pembeni yake hati nyingine ya serikali, ya miaka 20 vilevile, iliyotolewa mapema mwaka huohuo 2022 ikiwa na kuponi ya 15.49. Aprili 2022 ndipo kuponi za hati mpya zilipopunguzwa: ya miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10, ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Soko likidai 15, ile ya 15.49 inauzwa 102.97 na yenu 82.44. Mdaiwa mmoja, karibu tarehe moja ya kuiva. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina hati fungani ya miaka 20", muulize kuponi na bei aliyonunulia, bila hivyo hajakuambia kitu.

Urefu wa muda ndio unaokuza msukosuko. Hati ya miaka 2 yenye kuponi ya 8, soko likihamia 10, inashuka hadi 96.45 tu. Ongezeko ni pointi mbili, hasara haifiki 4.

Kuhusu 5.75. Hadi mwisho wa 2023 BoT ilikuwa inaongoza kwa kulenga wingi wa fedha. Januari 2024 ikahamia kwenye Riba ya Benki Kuu: ikaanza na 5.5, Aprili 2024 ikapanda 6, Julai 2025 ikashuka 5.75. Riba hiyo haielekezwi kwenye hati yenu ya miaka 20. Inaongoza riba ya siku 7 ambayo benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, na BoT inajitahidi riba hiyo isitoke nje ya pointi mbili juu au chini. Ukiwa na 5.75, uwanja ni kati ya 3.75 na 7.75.

Kinachoguswa kwanza basi ni fedha ya muda mfupi baina ya benki. Inafuata mikopo mifupi ambayo serikali inakopa sokoni (treasury bills) ya siku 35 hadi 364, halafu riba za amana kubwa zinazojadiliwa mezani, kama hiyo milioni 120 yenu. Hati ndefu zinakuja nyuma, tena zina mambo yao: serikali inataka kukopa kiasi gani mwaka huo, mifuko ya hifadhi ya jamii ina fedha kiasi gani ya kuweka, watu wanautegemeaje mfumuko wa bei. Robo pointi ya BoT inaweza kupita na mnada unaofuata wa miaka 20 ukafungwa kwa mapato ya juu zaidi kwa sababu tu kiasi kilichoombwa ni kikubwa. Mkopo wa kawaida wa mwananchi ndio unaofikiwa mwisho, na mara nyingi haufikiwi.

Wanaotaka kuongeza hati fungani hawajakosea kanuni. Wamekosea kudhani riba ya BoT na mapato ya hati ya miaka 20 ni kitu kimoja.

---

Mizania_Wazi

Naungana na Dirisha, ila nadhani tunaipa ile 5.75 heshima isiyo yake. Kinachosukuma bei za mali kwa nguvu zaidi ni kanuni zinazosema benki ishike nini na inaweza kufanya nini na ilichoshika. Hizo hazitangazwi kwa kishindo na magazeti huziandika mstari mmoja.

Mfano ni Mei 2020. Katika tangazo moja BoT ilipunguza amana ya lazima ambayo benki huweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, ikapunguza riba yake ya kukopesha benki kutoka 7 hadi 5, halafu ikagusa jambo ambalo wengi hawakulisoma: makato ya thamani kwenye dhamana za serikali benki inapokwenda kukopa. Kwa zile za muda mfupi yalitoka 10 hadi 5. Kwa hati fungani yalitoka 40 hadi 20.

Tafsiri yake kwa hesabu: benki yenye hati za bilioni 10 ilikuwa ikizipeleka BoT inapata bilioni 6. Baada ya hapo inapata 8. Hati ileile, kuponi ileile, lakini sasa inageuka fedha taslimu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo benki iko tayari kuilipia zaidi na kushika nyingi zaidi. Bei inapanda bila serikali kubadilisha chochote.

Ongeza suala la mtaji. Benki hapa inatakiwa kuwa na mtaji wa msingi wa asilimia 10 na mtaji wote wa asilimia 12 ya mali zilizopimwa kwa hatari, na juu yake kinga ya 2.5, kwa hiyo kiutendaji ni 12.5 na 14.5. Mkopo wa bilioni 1 kwa mfanyabiashara wa kawaida unahesabiwa wote, unafunga mtaji wa milioni 145. Bilioni 1 kwenye hati ya serikali ya shilingi inahesabiwa sifuri kwa upande wa hatari ya mkopo. Msishangae basi meneja wa tawi anapomzungusha mwenye ghala la alizeti miezi mitatu huku makao makuu wakinunua hati asubuhi moja. Siyo roho mbaya.

Hatari inaanzia hapohapo. Kanuni ikiifanya mali moja iwe tamu kwa benki zote, zote zinaishika. Siku mapato yanayodaiwa sokoni yakipanda, zote zinaumia pamoja, na mnunuzi ambaye ungemtegemea ndiye anayetaka kuuza. Kwa namba za Dirisha: benki iliyonunua kwa 100 na kutegemea kukopa 80, hati ikishuka hadi 82.44 inakopa kama 66 tu. Uwezo wa kukopa unapungua siku ileile fedha inapohitajika.

Huyo mjumbe wenu apewe habari ya Silicon Valley Bank ya Marekani, Machi 2023. Mali zake nyingi zilikuwa dhamana ndefu za serikali na za nyumba zenye udhamini, mikopo mibovu haikuwa tatizo lake. Benki kuu yao ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022, bei za dhamana zikaanguka. Machi 8 benki ikatangaza imeuza dhamana za dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8. Kesho yake wateja wakaomba kutoa dola bilioni 42. Machi 10 ikafungwa. Hasara ilikuwepo muda mrefu, ila dhamana unazotangaza kuzishika hadi kuiva vitabuni haziandikwi kwa bei ya soko. Kilichoitoa nje ni wenye amana kuhitaji fedha yao. SACCOS nayo ina wenye amana.

Upande wa pili wa sarafu tuliuona hapa kuanzia 2016, taasisi za umma zilipoelekezwa kuhamishia fedha zao BoT kutoka benki za biashara. Amana kubwa za bei nafuu zikaondoka, ukwasi (fedha taslimu ya kutumia) ukabana, ukuaji wa mikopo ukapungua sana, na mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) ikazidi asilimia 10 ya mikopo yote wakati kiwango kinachovumiliwa ni 5. Sababu hazikuwa hiyo moja, lakini benki zilizokuwa zimejengwa juu ya amana za serikali ndizo zilizoyumba mapema. Wakati huohuo Dodoma serikali ilikuwa inahamia na bei za viwanja zinapanda. Riba na viwanja havikufuatana hata kidogo, jambo ambalo wapenzi wa Iyumbu kwenye bodi yenu wanapaswa kulitafakari.

Hisa kwa ufupi. Riba ikishuka benki inapata faida kwenye hati za zamani na inalipa kidogo kwenye amana, lakini mikopo mipya inaingiza kidogo. Anayenufaika ni mwenye amana nyingi za akaunti za kawaida na za mawakala, ambazo tayari hazilipwi karibu chochote. Kwenye taarifa za robo mwaka msiishie kwenye faida. Tazameni mikopo chechefu kama iko chini ya 5, gharama kwa mapato kama ziko chini ya 55, na mtaji uko juu ya 14.5 kwa kiasi gani. Benki inayovuka hivyo viwango viwili vya mwanzo BoT huibana isitoe gawio, na kwa SACCOS hisa isiyotoa gawio ni karatasi ya kubahatisha.

---

Mhazini_Makulu

Asanteni. Hesabu ya 82.44 imekaguliwa na mwalimu mmoja hapa, imekubali.

Ila upande wa viwanja mmeupita juu juu. Wajumbe watasema Dodoma ina mambo yake: mji wa serikali wa Mtumba, treni ya SGR, uwanja wa ndege wa Msalato. Je, benki haina mkono kwenye bei za viwanja?

---

Beacon_ya_Nala

Ina mkono, mkubwa tu, ila unaingilia mlango ambao wengi hawauangalii.

Mikopo ya nyumba yenyewe, ile ya rehani ya miaka 15 au 20, ni midogo mno nchini kuweza kusukuma bei, na riba zake zimezoea kukaa kati ya 15 na 19. Viwanja vya Nala, Iyumbu, Mkonze au Nzuguni hununuliwa kwa akiba, kwa kuuza mali nyingine, na kwa mkopo wa mshahara. Mikopo binafsi ndiyo fungu kubwa kuliko yote katika mikopo ya benki kwa sekta binafsi, na mji huu umejaa watu wenye hati za mshahara.

Kinachomzuia mtumishi ni kwamba lazima theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki. Makato yake ya mwezi yana kikomo. Chukua mtu anayeweza kukatwa 400,000 kwa mwezi. Kwa riba ya 16 na miaka 5, anapata mkopo wa milioni 16.45. Riba ikishuka hadi 13, pointi tatu nzima, anapata 17.58. Imeongezeka asilimia 7. Sasa acha riba palepale 16 lakini benki iongeze muda kutoka miaka 5 hadi 8: anapata milioni 21.59. Asilimia 31.

Kwa hiyo mkitaka kujua kama bei za viwanja vya watumishi zitasogea, fuatilieni tangazo la muda wa marejesho kuliko riba ya BoT. Benki zikishindana kurefusha muda, mnunuzi yuleyule mwenye mshahara uleule anaingia sokoni na fedha karibu theluthi moja zaidi, na muuzaji anajua. Muda ukishagonga kikomo cha umri wa kustaafu, mchezo unasimama, bei inakaa kimya miaka.

Halafu msichanganye bei inayotajwa na bei inayouzika. Hati fungani ikishuka unaona namba. Kiwanja hakionyeshi. Muuzaji anaendelea kutaja milioni 18, anakaa nacho mwaka na nusu, mwisho anauza 13 kimyakimya kwa sababu ada ya shule imefika. Mtaani bado wanasema "Nala ni milioni 18". Ndiyo maana watu wanaamini ardhi haishuki.

Benki yenyewe haiamini hiyo 18. Mthamini huandika thamani mbili, ya soko na ya mauzo ya haraka, na benki inakopesha kwa sehemu ya ile ya pili. Bodi ikitaka kipimo cha ukweli, ilipie uthamini wa mthamini aliyesajiliwa kabla ya kununua, wasome mstari wa mauzo ya haraka. Hiyo ndiyo bei ya kiwanja siku wanachama 30 wakija kudai akiba zao pamoja.

Karatasi nazo zina bei. Ofa (barua ya toleo) siyo hati. Eneo lililorasimishwa kwa mchoro wa mipango miji lakini bila upimaji uliosajiliwa, benki haligusi. Kwa maeneo ya zamani ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) angalieni sana: zile zilikuwa hati za upangaji za miaka 33, na baada ya CDA kuvunjwa Mei 2017 mali na majukumu yake yakahamia Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma, utaratibu ukawa kuhamia hati za miaka 99. Ukinunua kwa mtu ambaye hajabadilisha, umenunua miaka iliyobaki na foleni. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kulipa hata kishika uchumba, na kama ni nyumba ya ndoa, bila ridhaa ya mwenzi rehani haina nguvu.

Mtumba na SGR ni kweli vinaleta watu. Lakini kila mtu ameshalijua hilo tangu treni ilipoanza 2024, na limo tayari kwenye hiyo milioni 18.

---

Chinangali_2

Mmeandika vizuri ila nyote mmepita kwenye moto unaowaka sasa hivi: milioni 120 kwenye benki ndogo moja.

Bodi ya Bima ya Amana inalipa hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwenye amana mmoja katika benki moja. Zamani ilikuwa milioni 1.5. SACCOS ni mwenye amana mmoja, hata kama nyuma yake wako wanachama 300. Benki ikifungwa, 7.5 inalipwa, na milioni 112.5 zinaingia kwenye foleni ya ufilisi, zinalipwa kadiri mali za benki zinavyokusanywa. Hiyo ni miaka.

Haya hayakutokea mbali. Januari 2018 BoT ilifunga benki tano kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, na benki za jamii na wakulima za Njombe, Meru na Kagera. Agosti mwaka huohuo ikaichukua Bank M kwa ukosefu wa ukwasi, na huduma zikasimamishwa siku 90, kisha zikaongezwa, hadi ilipoamuliwa Januari 2019 kwamba mali na madeni yake yaende Azania. Hata pale ambapo fedha haikupotea, muda wote huo huwezi kuitoa, na mkopo wa mwanachama anayesubiri kulazwa hausubiri.

Riba kubwa kuliko wote ni taarifa. Benki yenye amana nyingi za wateja wadogo haina sababu ya kukulipa pointi tatu zaidi ya wenzake. Anayelipa hivyo ananunua ukwasi kwa bei ghali kwa sababu hapati kwingine, na hiyo amana ghali inamlazimu akopeshe kwa riba ghali, kwa wakopaji waliokataliwa na wengine. Siyo kila benki ndogo iko hivyo. Nyingine iko imara na inatafuta tu wateja. Tofauti inaonekana kwenye taarifa yake ya robo mwaka ambayo sheria inaitaka ichapishwe. Someni mali za ukwasi, kiwango cha chini ni asilimia 20. Someni mikopo chechefu. Halafu angalieni kama amana za muda maalumu zinaongezeka huku akaunti za akiba zinapungua. Hicho cha tatu ndicho huwahi kuonekana kabla ya hivyo vingine.

Na msisahau kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba ya amana mnapolinganisha.

---

Alizeti_Mkalama

Si bora waweke zote UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wakalale?

---

Dirisha_la_Hazina

Alizeti, inategemea mfuko upi. Mfuko wa hati fungani unashika hizihizi hati ndefu, kwa hiyo hatari ya bei iko mlemle, imegawanywa tu kwa wengi. Mfuko wa Ukwasi unakaa kwenye vitu vifupi zaidi na fedha inatoka kwa siku chache za kazi. Kwa sehemu ya akiba inayoweza kudaiwa ghafla unafaa. Lakini Bodi ya Bima ya Amana haiuhusu, na mifuko hiyo nayo inaweka fedha kwenye amana za benki na hati za serikali. Ukitoka benki kwenda mfukoni umebadilisha mlango, majirani ni walewale.

Vivyo hivyo hati fungani za benki zenyewe. CRDB ilitoa Kijani mwaka 2023 kwa 10.25, miaka 5. Mwaka uliofuata ikatoa Samia ya miundombinu kwa 12, miaka 5 pia. Mdaiwa mmoja, muda mmoja, na pengo la 1.75: hiyo inaonyesha fedha ndefu ilivyopanda bei ndani ya muda mfupi, kabla hata hujafungua taarifa ya BoT. Kwa benki ni mtaji wa kukopesha muda mrefu bila kutegemea amana za miezi 12, jambo zuri. Kwa mnunuzi ni deni la benki, halina bima ya amana.

---

Mhazini_Makulu

Nimeelewa sasa kwa nini tulikuwa tunabishana vitu viwili tofauti. Swali la mwisho: tukiamua kupunguza hati fungani, inauzwaje kiutendaji? Na zile milioni 120 tuzitoe vipi bila kupoteza riba?

---

Mizania_Wazi

Kwanza msiuze hati kwa sababu ya mjadala huu. Hati inayolipa milioni 4.84 kila miezi sita na hamna haja ya fedha hiyo, kaeni nayo. Uzeni sehemu tu kama hesabu ya wanachama wanaostaafu ndani ya miaka mitatu inaonyesha fedha nyingine haitoshi.

Kama mnauza: hati iko kwenye akaunti yenu ya CDS (rejista ya kielektroniki ya wenye dhamana), na soko la upili, la kuuziana hati zilizokwisha kutolewa, liko DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam). Mnakwenda kwa dalali aliyeidhinishwa au benki iliyowafungulia akaunti, na azimio la bodi lenye sahihi za waidhinishaji na namba ya hati. Ombeni bei kwa angalau wawili siku moja. Mkipewa bei, ulizeni kama ni bei safi au imejumlisha riba iliyokwisha kujikusanya. Mkiuza katikati ya vipindi viwili vya kuponi, kwenye milioni 80 kuna kama milioni 2.42 za riba ambazo ni haki yenu, na watu wasiouliza wamewahi kuzihesabu kama sehemu ya "bei nzuri". Ulizeni makato yote kabla, kwa shilingi siyo kwa asilimia. Kiasi kidogo kama chenu kinaweza kukaa siku kadhaa bila mnunuzi, na hapo dalali atawashauri mshushe. Msishushe siku ya kwanza.

Kama shida ni ya miezi minne, kukopa benki kwa dhamana ya hati hiyo kunaweza kuwa nafuu kuliko kuuza kwa 85. Linganisheni riba ya mkopo kwa miezi hiyo na hasara ya bei.

Hizo 120, kuivunja kabla ya muda kwa kawaida kunakula riba, yote au sehemu. Masharti yako nyuma ya cheti. Mkiona namba za benki ziko sawa, subirini iive halafu mzigawe: sehemu kwenye benki kubwa mbili kwa miezi tofauti ili kila robo mwaka kuna inayoiva, sehemu kwenye mikopo mifupi ya serikali ya siku 182 na 364, ambayo kianzio chake ni 500,000 tu na mdaiwa ni serikali bila ule msukosuko wa miaka 20. Mkiona namba zimeharibika, vunjeni na mkubali kupoteza riba. Kabla ya kuhama, sera yenu ya uwekezaji iruhusu na Tume ya Maendeleo ya Ushirika isije kuwakuta mmepita pembeni; ofisi zao ziko hapohapo mjini, hakuna kisingizio.

Viwanja, kwa akiba inayoweza kudaiwa, mimi sinunui hata kimoja.

---

Chinangali_2

Nyongeza moja. Angalieni kwenye fomu ya amana kama mlitia alama ijirudie yenyewe ikiiva. Kama ndivyo, bila barua yenu milioni 120 zinafungwa tena miezi 12 kwa riba ya siku hiyo, ambayo sasa huenda ikawa ndogo. Pelekeni barua ya maelekezo wiki mbili kabla, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwenu.